Simu iliyoegemezwa kwenye chupa ya chai

Kikao kilianza saa nne asubuhi, Jumapili, kwenye ukumbi wa nyumba yetu Magomeni. Mkeka umetandikwa kutoka mlango wa mbele hadi karibu na mlango wa uani, wanaume upande huu, wanawake upande ule, katikati sinia la vitumbua. Simu ya mdogo wangu tuliiegemeza kwenye chupa ya chai ili kioo kitazame watu wote.

Ndani ya kile kioo alikuwemo kaka yangu. Kwake Minneapolis, Marekani, ilikuwa saa nane usiku. Alikuwa hajavua hata sare ya kazi. Anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na zamu yake ilikuwa imeisha muda si mrefu.

Jambo lilikuwa moja. Dalali ameleta mtu anayetaka kununua nyumba ya marehemu baba, aivunje, ajenge ghorofa. Baba mdogo, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi, alimuuliza kila mtu kwa zamu. Mdogo wangu akasema iuzwe. Mimi nikasema bado nafikiri. Shangazi, anayeishi humo kwenye chumba cha pili kushoto, akasema iuzwe, kila mtu apewe fungu lake, yeye atatafuta vyumba viwili Mbagala penye ua mkavu. Kisha baba mdogo akaigeukia simu.

"Isiuzwe," kaka alisema. "Hapo ndipo kwetu. Ikiuzwa, mimi nitarudi wapi?"

Shangazi hakupandisha sauti. "Mwanangu, sauti yako tunaisikia vizuri. Lakini wewe, hili paa likivuja usiku, husikii."

Hakuna aliyejibu. Picha ikaganda, kisha simu ikakatika.

Ni wiki ya sita sasa, na maneno yale bado yananiamsha. Aliye mbali awe na sauti gani katika mambo ya nyumbani, ya ukoo na ya nchi?

Foleni ya wageni

Kaka aliondoka 2006 kwa viza ya masomo. Baba alipofariki, 2017, karatasi za kaka za kuishi Marekani zilikuwa bado zinashughulikiwa; angetoka, asingerudi. Maziko yalikuwa siku ileile kabla ya alasiri, makaburi ya Kisutu. Aliyaona kwa simu ambayo mdogo wangu aliinyanyua juu ya vichwa vya watu, mkono ukimtetemeka, hivyo kaka alichokiona zaidi ni anga na matawi. Udongo hakuutia. Aliniambia baadaye kwamba usiku ule alikwenda kazini kama kawaida, akambadilishia mzee mmoja shuka, akamfunika, akatoka nje kulia kwenye maegesho ya magari.

Mwaka 2021 aliapa uraia wa Marekani. Siku hiyohiyo, kwa Sheria yetu ya Uraia ya mwaka 1995, uraia wake wa Tanzania ulikoma. Mtu mzima akichukua wa kwingine kwa hiari yake, wa hapa unaondoka. Hakuna barua inayokuja kukuaga.

Alirudi kutusalimia 2023. Nilimpokea uwanja wa ndege, jengo la tatu, nikamsubiri karibu saa mbili. Alikuwa ndani, kwenye foleni ya wageni, akilipia viza yake, dola 100. Alipotoka hakulalamikia hela. Alichoniambia ni kwamba afisa aligonga muhuri, akamrudishia pasipoti, akamwambia kwa upole kabisa, "Karibu Tanzania."

"Mtoto wa Magomeni nakaribishwa," alisema, akatazama dirishani mpaka tukafika Tazara.

Nyumba nayo ikaja na fumbo lake. Kwa mafungu ya mirathi ya dini, fungu la kaka ni mara mbili ya langu. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, asiye raia hamilikishwi ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Yaani aliye mbali kuliko sote ndiye mwenye fungu kubwa, na ndiye ambaye kwa karatasi za serikali ni mgeni. Siku hizi sheria za uhamiaji na ardhi zimerekebishwa ili watu wenye asili ya Tanzania waliochukua uraia wa nje wapewe hadhi maalumu, wapate nafuu ya kuingia, kukaa na kumiliki. Nimefurahi kwa ajili yake. Lakini hadhi hiyo haina kura ndani yake.

Na mimi, mpaka ile Jumapili, nilikuwa naona ni sawa. Aliyeondoka amechagua. Niliwahi kumwambia hivyo kwa mdomo wangu, wakati wa mchakato wa Katiba, 2014, Bunge Maalumu likiwa Dodoma na uraia pacha ukiwa gumzo mpaka vijiweni. Yeye wakati huo alikuwa bado na pasipoti yetu. Nilimwambia, "Kaka, huwezi kula huku na huku." Rasimu ikapita bungeni, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 ikaahirishwa, na mpaka leo haijapigwa. Maneno yangu yeye hakuyasahau.

Kurasini

Kazini kwangu ni upande wa bandari. Asubuhi moja, wiki ya pili baada ya kikao, daladala ilikwama kwenye foleni ya malori Kurasini, na nikajikuta nawaza jambo ambalo nimelisoma tangu shule ya msingi bila kuligusa kwa moyo.

Mji huu ulikuwa mji wa walio mbali na kwao.

FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji kutoka kwa Wareno, haikuzaliwa Msumbiji. Ilizaliwa hapa Dar es Salaam, tarehe 25 Juni 1962, na watu ambao Wareno wasingewaruhusu kukaa kikao kama kile nyumbani kwao. Taasisi yao ya elimu ilikuwa hapohapo Kurasini. Kiongozi wao wa kwanza, Eduardo Mondlane, alikuwa mwalimu wa chuo kikuu Syracuse, Marekani. Kamati ya Ukombozi ya OAU, Umoja wa Nchi Huru za Afrika, makao yake yalikuwa Dar tangu 1963. Wapigania uhuru wa Afrika Kusini walikuwa na shule Mazimbu, Morogoro, na makaburi yao yako kulekule.

Kama mtu angesimama 1965 akamwambia Mondlane, "Wewe unakaa Dar, mambo ya Msumbiji waachie walio Msumbiji," wazazi wetu wangemwona mtu wa namna gani? Tuliwapa ardhi, tukawapa redio watangaze, vijiji vya kusini vikapigwa mabomu kwa ajili yao. Hatukuwauliza wanalala wapi.

Hoja hii ilinishika wiki nzima. Nilikuwa karibu nimpigie kaka nimwombe radhi.

Kilichonizuia ni Mondlane mwenyewe. Aliacha kazi nzuri ya Marekani akaja huku, hatua moja kutoka vitani, na tarehe 3 Februari 1969 bomu lililotumwa ndani ya kifurushi cha kitabu likamuua hapahapa mjini. Ile sauti yake ilikuwa na mwili nyuma yake. Alikaa mahali ambapo uamuzi wake ungeweza kumfikia.

Kaka yangu yuko mahali ambapo uamuzi wake haumfikii. Sisemi hivi kwa kumlaumu. Ndivyo ilivyo. Nyumba isipouzwa, bati litaendelea kutoboka juu ya kichwa cha shangazi.

Msumbiji ya leo inao wabunge wawili wanaochaguliwa na raia wake walio nje, mmoja kwa walio Afrika, mwingine kwa walio kwingineko. Nchi iliyozaliwa na walio mbali haikuwasahau walio mbali. Nalitaja kwa sababu lilinigusa, ingawa viti viwili kati ya 250 si vingi.

Siku zile za Oktoba

Sasa nije kwenye lile ambalo nimeliandika na kulifuta mara nyingi.

Tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, intaneti ilizimika. Dar tukawekewa amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni. Watu walipoteza maisha. Wengi wanaosoma hapa wanajua walikuwa wapi siku zile, wala hawahitaji kusimuliwa.

Mimi nilikuwa ndani, Tabata, na watoto. Simu ikaita, si ya WhatsApp, ile ya kawaida, namba ndefu ya nje. Kaka. "Uko hai?" Ndilo lililokuwa neno lake la kwanza. Kisha akaniambia mambo ya mji wangu mwenyewe. Barabara gani isipitwe, wapi kumewaka moto, nini kimetangazwa. Alikuwa akiyaona kwenye televisheni na mitandao ya kwao, mimi niliyekuwa kilomita chache kutoka hapo nilikuwa nasikia milio tu na kukisia. Alipiga kila baada ya saa chache, siku tano. Kila mara salio lake likiisha alinunua jingine.

Siku zile, macho yangu yalikuwa Minneapolis.

Lakini upo upande mwingine, nao lazima niuseme. Kwenye kundi letu la ukoo yumo binamu aliye Ulaya. Wiki nzima kabla ya tarehe ile alikuwa akiandika kwa herufi kubwa: ingieni barabarani, msiogope, kufa ni mara moja. Mtoto wa jirani yangu, miaka kumi na tisa, alikuwa akisoma maneno kama hayo kutoka kwa watu kama hao. Akatoka. Mama yake alikaa barazani usiku kucha akihesabu tasbihi, na mimi dirishani nikimwangalia kwa sababu sikuweza kufungua mlango nikamfuate. Alirudi alfajiri akichechemea, kiatu kimoja mguuni. Yule mama hakusema neno. Alimshika mwanawe kichwa kwa mikono miwili, akamnusa nywele kama mtu anavyomnusa mtoto mchanga.

Intaneti iliporudi, binamu akaandika kwamba tumejitahidi.

Sina hakika kama alikosea kusema dhuluma ni dhuluma. Pengine nisingekuwa na ujasiri wa kuyasema yale nikiwa hapa, na ni kweli kwamba yapo maneno ambayo aliye nje pekee ndiye anaweza kuyatamka kwa sauti. Ninachojua ni kwamba kulitaja kosa ni jambo moja, na kumtuma mtoto wa mwenzio barabarani ni jambo jingine. La kwanza namwachia yeyote, popote alipo duniani. La pili nalitaka kwa mtu ambaye mwanawe naye atakuwa barabarani.

Yule wa Muscat

Kuna aina ya mtu ambaye kwenye mabishano haya huwa hatajwi. Tukisema diaspora, kichwani inatujia suti, gari, lafudhi iliyobadilika. Mimi nataka nimtaje binti wa mpangaji wetu wa chumba cha uani.

Yuko Muscat, kazi za ndani, mwaka wa nne. Pasipoti yake ameshika mwajiri. Uraia wa Oman hatapewa wala haulilii. Ni Mtanzania tangu unyayo mpaka utosi, na nadhani anaihitaji serikali ya Tanzania kuliko mimi ninayekaa hapa, maana siku mambo yakimharibikia, pa kukimbilia ni ubalozi tu. Mikataba ya wafanyakazi ambayo nchi zetu zinatia saini ndiyo inayoamua kama atapata siku ya mapumziko.

Ibara ya 5 ya Katiba inasema kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane ana haki ya kupiga kura. Haisemi aliyeko nyumbani. Lakini kura inapigwa kwenye kituo ulichojiandikisha, na kituo chake kiko Magomeni, karibu na msikiti, na yeye yuko jikoni kwa watu Muscat.

Wakenya walifungua mlango huu kwa Katiba yao ya 2010. Mwaka 2013 walipiga kura ya rais hapahapa Dar, kwenye ubalozi wao. Nakumbuka nilivyowaona wenzangu wawili wa kazini wakiomba ruhusa kwenda kupiga kura ya nchi nyingine, nikashangaa kwamba jambo hilo linawezekana. Kufikia 2022 waliojiandikisha nje walikuwa kama 10,000 kati ya wapiga kura zaidi ya milioni 22. Anayeogopa kwamba walio nje wataipindua nchi kwa kura, aitazame ile hesabu.

Kwa huyu binti sina mashaka tena. Nilikuwa nayo kabla, kwa sababu nilikuwa namtazama kaka peke yake na kuwajumuisha wote naye.

Hela

Watu wa nje wakibanwa kwenye mjadala, husema wanatuma hela. Hata kaka amewahi kusema. Na ni kweli: miaka miwili ya mwisho ya mama, dawa za presha na kisukari zilikuwa jasho lake. Nilikuwa naziita "dawa za mama", yeye alikuwa akiziita "zamu za Jumamosi".

Shukrani hii sitaimaliza. Lakini hela si tiketi ya kikao, na hii ni sehemu ambayo sitetereki. Kama hela ingekuwa sauti, wenye nazo hapa mjini wangekuwa na kura kumi kumi, na shangazi, ambaye hajawahi kutuma shilingi kwa mtu, angebaki kimya. Waeritrea walio nje walipiga kura kwenye kura ya maoni ya uhuru 1993. Baada ya hapo nchi yao ikaendelea kuwadai asilimia mbili ya kipato chao, na uchaguzi mkuu haujafanyika mpaka leo. Hela ilichukuliwa, sauti haikurudi.

Na hapa ndipo hoja yangu ya zamani ilipovunjika kabisa, nikiwa naosha vyombo usiku. Nilikuwa nasema mwenye kuamua awe yule atakayekaa na matokeo. Vizuri. Basi vipi kuhusu yule wa humuhumu mjini ambaye watoto wake wanasoma nje, anatibiwa nje, akiba yake iko nje, na pasipoti yake ina viza za kutosha kuondoka kesho asubuhi? Analala Dar kila siku. Paa lolote likivuja halimdondokei. Anapiga kura, anagombea, anachaguliwa, na hatumuulizi kitu kwa sababu yuko hapa.

Dada wa Muscat, ambaye kila tone linamfikia, ndiye tunayemwambia yuko mbali.

Nilikaa na sponji mkononi mpaka maji yakapoa.

Chumba cha pili kushoto

Wiki iliyopita nililala Magomeni. Mvua za masika zimeanza, Jangwani tayari pamefungwa mara moja, na baba mdogo alitaka tuongee kabla ya kikao cha pili. Nililala na shangazi kitanda kimoja, mimi ukutani.

Saa tisa usiku mvua ikashuka. Shangazi aliamka kabla hata tone halijaanguka. Anajua kwa sauti ya upepo kwenye mkungu. Akasogeza kitanda kuelekea mlangoni, mimi nikiwa juu yake bado, akaweka beseni la bluu chini ya dirisha, sufuria kwenye kona, na ndoo ya rangi mahali palipokuwa kichwa changu. Hakuwasha taa. Vyote alivijua mahali pake gizani. Kisha akaketi kwenye kiti, mikono mapajani, akisubiri.

Nikachukua simu nikampigia kaka kwa video. Kwake ilikuwa saa moja jioni, anajiandaa kuingia zamu ya usiku. Sikumwambia kitu. Niliwasha tochi ya simu nikamwonyesha beseni, sufuria, ndoo, na bati lenye doa la kutu umbo la mkono. Nikaiweka simu sakafuni karibu na beseni.

Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Siku ile nilikata mimi," akasema hatimaye. "Haukuwa mtandao."

"Najua, kaka."

"Shangazi yuko macho?"

Shangazi akainama kutoka kwenye kiti. "Niko macho, mwanangu."

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba. Umekula?"

"Bado. Nikitoka." Akanyamaza. Nilisikia ufunguo wa gari ukigonga meza. "Shangazi, hayo mabati yanauzwaje siku hizi? Si kwamba nasema isiuzwe. Nauliza tu. Na huko Mbagala umeshaviona hivyo vyumba, au bado?"

Shangazi akavuta kiti karibu na beseni, akaichukua simu mkononi, akaanza kumweleza kuhusu Mbagala tangu mwanzo: kituo gani unashuka, mwenye nyumba ni mtu wa wapi, kisima kiko upande gani. Alimweleza polepole kama anavyomweleza mtu atakayekuja kesho. Mimi nikaenda kumwaga ndoo.